Panya wamejaa kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, Tabora Mjini: naomba ushauri

Mkazi wa Ipuli aliandika:

Mwangaluka, ndugu zangu. Ninaishi Ipuli, hapa Tabora Mjini, na nyuma ya nyumba nina stoo ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa kwa bati, ambayo ukuta wake mmoja ndio huo huo ukuta wa banda la kuku. Ndani yake kuna mahindi ya msimu huu yaliyopakiwa kwenye viroba, karanga ambazo bado ziko kwenye maganda, ndoo za asali, masega niliyoyaweka nikisubiri kuyeyusha nta, pamoja na majembe na vifaa vingine vya shamba. Tangu tulipomaliza kuingiza mavuno, panya wamezidi mno, na kila nikifungua mlango nakuta kiroba kingine kimetobolewa.

Wanaonekana kuwa wa aina mbili. Wapo wakubwa weusi, wenye mkia unaouzidi mwili kwa urefu, ambao jioni hupita juu ya kenchi na kuingilia pale bati linapokutana na ukuta. Wapo pia wadogo zaidi, wa rangi ya kahawia, ambao wakishtuliwa hukimbilia chini ya viroba. Pembe ya chini ya mlango wa mbao imetafunwa hadi mtu aliye ndani anaona mwanga wa nje, na kwenye ukuta, usawa wa sakafu, kuna mstari mweusi wenye mafuta kama mahali palipopakwa masizi.

Naomba kujua nianzie wapi. Wachuuzi wanaopita mitaani na vipaza sauti wanauza sumu kwa bei ndogo, lakini kuku wangu hutembea huru mchana kutwa, na watoto huingia stoo kuchukua majembe. Naomba pia kuelekezwa namna ya kusafisha, kwa sababu harufu ya mkojo imekuwa kali.

Kijana wa Isevya alijibu:

Shikamooni wakubwa. Kwa maoni yangu, njia ya haraka ni sumu. Changanya na ugali uliotiwa dagaa waliosagwa, weka usiku kuku wakiwa wamefungiwa, kisha alfajiri ondoa mabaki yote kabla hujawafungulia. Nyumbani kwetu tulifanya hivyo na tulipata nafuu kubwa.

Afisa Ugani Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nafuu uliyoipata siipingi, ila naomba tuichunguze kabla hatujamshauri ndugu yetu aipeleke sumu mahali penye kuku, watoto na chakula cha mwaka mzima.

Ile sumu ya unga wa kijivu au mweusi wenye harufu inayokaribia ya kitunguu saumu kwa kawaida ni zinki fosfaidi. Panya akiimeza, asidi ya tumboni mwake huitoa gesi ya fosfini, nayo ndiyo inayomuua. Kuku akidonoa punje moja iliyoangushwa na panya njiani, au mbwa akimla panya aliyekufa akiwa bado na sumu tumboni, gesi ni ile ile, na hakuna dawa mahususi ya kuipinga. Kuondoa mabaki alfajiri hakutoshi, maana panya hubeba chakula na kukificha, na hakuna ajuaye kesho kitadondokea wapi. Kisha kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitambui: panya aliyekula kiasi kidogo akaumwa bila kufa huikumbuka ladha ile na haigusi tena, kwa hiyo baada ya nafuu ya mwanzo wanabaki wale walioijua.

Zipo sumu nyingine zinazozuia damu kuganda, ambazo huua polepole baada ya siku kadhaa, na hizo walau zina tiba ya vitamini K1 iwapo mtu au mnyama atawahishwa hospitali au kwa daktari wa mifugo. Hata hizo huwadhuru paka na bundi wanaowala panya waliolegea kwa sumu hizo. Kuhusu vichupa visivyo na lebo vinavyouzwa mitaani, sina maneno mengi: kiuatilifu kisicho na jina la kiambato, maelekezo wala namba ya usajili kisiingie nyumbani kwa mtu. Usajili wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na lebo halali huonyesha kwamba bidhaa imesajiliwa.

Sasa turudi kwa mwuliza swali. Maelezo yako ni mazuri, kwa sababu umetofautisha wageni wako, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kazi. Hao wa kwenye kenchi, kwa jinsi ulivyowaeleza, ni panya weusi wa majumbani. Ni wapandaji hodari, hutembea kwenye matawi na nyaya, na hupenda kukaa juu. Huwa na wasiwasi na kitu chochote kipya kilichowekwa kwenye njia yao. Hao wadogo wa chini huenda wakawa panya shamba, ambao mashamba yanapobaki matupu baada ya mavuno na nyasi zikaanza kuchomwa, hufuata chakula kilipohamia. Panya shamba jike hubeba mimba kwa takriban siku 23 na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mtego mmoja unaowekwa leo na kusahauliwa wiki nzima hauwezi kushindana na uzazi wao.

Ukitaka kuwa na hakika, nyunyiza majivu laini yaliyochekechwa kando ya ukuta jioni, usawa wa ule mstari mweusi ulioutaja, ambao hutokana na mafuta ya manyoya yao kwa kupita pale pale kila siku. Asubuhi utaona nyayo, mkokoto wa mkia na upande waliotokea. Angalia na kinyesi: cha panya mweusi hukaribia urefu wa sentimita moja au zaidi na huchongoka nchani, ilhali cha wale wadogo hukaribia punje ya mchele.

Baada ya hapo, tega mitego ya kubana, ile ya mbao au ya chuma, mingi kwa wakati mmoja. Iweke kando ya ukuta, sehemu ya chambo ikielekea ukutani, kwa sababu panya hupenda kuusugua ubavu wake ukutani anapopita na ni nadra kukatiza katikati ya chumba. Kwa hao wa juu, funga mitego kwenye kenchi kwa waya ili isianguke. Chambo kiwe karanga zilizokaangwa na kusagwa, au kipande cha dagaa kilichofungwa kwa uzi ili asikinyakue na kuondoka nacho. Kwa siku kadhaa za mwanzo acha mitego ikiwa na chambo bila kutegwa, hasa ile ya juu, mpaka uone chambo kinaliwa kwa uhuru. Ndipo uitege yote usiku mmoja. Panya shamba hawana uoga huo mwingi, nao hunaswa mapema.

Mitego ya gundi siipendekezi. Mnyama hukaa humo akiteseka kwa muda mrefu huku akijikojolea, nasi hatuna sababu ya kumtesa kiumbe hata kama ametuharibia mali.

Fundi Mwashi, Ng'ambo alijibu:

Naungana na mzee hapo juu, lakini mitego bila kuziba ni kazi isiyokwisha. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye upenyo wa milimita 6, na mkubwa hupita mahali ambapo kidole gumba cha mtu mzima kinapita. Ukipima kwa macho utadhani haiwezekani, ila kichwa kikishapita, mwili uliobaki hufuata.

Kwenye stoo nyingi za hapa Tabora ninazoitwa kukarabati, tatizo kubwa liko juu ya ukuta. Tunajenga ukuta hadi usawa wa linta, tunaweka mbao, tunapigilia bati la migongo, na kila mgongo wa bati unaacha tundu lake. Mwenye nyumba huziba mlango kwa bidii ilhali juu kuna milango midogo isiyopungua thelathini. Matundu hayo yajazwe saruji na mchanga kwa uwiano wa moja kwa tatu, ukitanguliza vipande vya matofali ndani ili saruji isidondoke. Pale unapotaka hewa iendelee kupita, na stoo ya nafaka inahitaji hewa, weka wavu wa chuma mgumu wenye matundu yasiyozidi milimita 6, uliopigiliwa pande zote. Wavu wa banda la kuku una matundu makubwa, na wavu wa plastiki wa kuzuia mbu hutafunwa usiku mmoja. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo kutafuna kwake hakukomi hata akiwa ameshiba.

Mlango wako usiutupe. Kata ile sehemu iliyoliwa, unganisha ubao mpya, kisha vika bati bapa upande wa nje na wa ndani, kuanzia chini hadi kimo cha sentimita 30, na fremu nayo uivike vivyo hivyo. Jenga kizingiti cha zege ili mlango ukifungwa usiache nafasi ya kupita hata penseli. Mashimo madogo ya ukutani yajaze stili waya ya kusugulia masufuria, uisokomeze kwa bisibisi, halafu ndipo upake saruji juu yake, kwa kuwa saruji mbichi peke yake huchimbuliwa kabla haijakauka.

Tazama pia mti. Kama una mwembe ambao matawi yake yamelala juu ya bati, na Tabora ni nyumba chache zisizo na mwembe, hao weusi wanashukia hapo. Punguza matawi hadi kuwe na nafasi ya mita mbili hivi kati ya tawi na paa.

Ukuta wa pamoja na banda la kuku nao una tabu yake. Pumba na chakula kinachoachwa kwenye vyombo usiku ndiyo karamu yao ya kwanza kabla hawajaingia stoo. Vyombo viondolewe jua linapozama.

Mkazi wa Ipuli aliandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimepanda ngazi nikatazama juu ya ukuta, na ni kweli kila mgongo wa bati una tundu, na mengine yana nyasi na vipande vya viroba vilivyochambuliwa. Mwembe nao upo.

Nina maswali mawili. La kwanza, stoo imejaa na sina mahali pengine pa kuhamishia mahindi, je, nizibe kwanza au nitege kwanza? Nachelea kuwafungia ndani wakafia katikati ya viroba. La pili, jirani amenishauri ninunue mifuko ile ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Je, itazuia panya?

Afisa Ugani Mstaafu alijibu:

Fanya vyote viwili kwa mpangilio. Anza kwa kuhamisha ukuta mmoja mmoja: sogeza viroba vya upande mmoja, chunguza, ziba, kisha rudisha viroba juu ya chaga za mbao, ukiacha nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ambamo mtu anaweza kupita na tochi. Nafasi hiyo watu huiona kuwa ni hasara ya eneo, lakini panya hujenga kiota mahali penye utulivu na giza, na njia unayoipita wewe kila siku haina utulivu kwake. Ziba matundu yote isipokuwa moja wanalolitumia zaidi, ambalo majivu yatakuonyesha, na hapo pembeni panga mitego. Ukiona majivu hayana nyayo usiku kadhaa mfululizo, ziba na hilo la mwisho, huku mitego ya ndani ukiiacha itegwe wiki mbili zaidi kwa ajili ya waliobaki. Anayefia ndani kwa mtego unajua alipo, tofauti na aliyekula sumu.

Kuhusu mifuko: ni mizuri sana, ila kazi yake ni nyingine. Ina tabaka mbili za plastiki na moja ya nje ya kiroba, nayo huua wadudu kwa kuwakosesha hewa, akiwemo dumuzi, ambaye sisi wa mkoa huu tunamfahamu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipoonekana hapa Tabora kabla ya kuenea kwingine nchini. Panya akiitoboa, hata tundu moja dogo, hewa inaingia na wadudu wanafufuka. Kwa hiyo mifuko hiyo inataka stoo isiyo na panya kuliko hata viroba vya kawaida. Ukiwa na uwezo, mapipa ya chuma yenye mfuniko wa kubana au kihenge cha chuma ndivyo vinavyolinda dhidi ya wote wawili. Karanga nazo, ambazo kwa harufu yake huwaita kutoka mbali, ziwe za kwanza kuingia kwenye pipa.

Kwa ndugu walio vijijini wanaotumia vihenge vya asili: miguu ya kihenge iwe na kimo cha mita moja, na kila mguu uvikwe koni ya bati iliyoinama chini, usiegemezwe ngazi wala mchi.

Kijana wa Isevya aliandika:

Nimekuelewa, mzee, na kwa kweli nyumbani kwetu bado tuna kuku. Vipi kuhusu paka? Na nimesikia bundi naye anakula panya.

Afisa Ugani Mstaafu alijibu:

Paka anasaidia, hasa kuwazuia wapya wasihamie, lakini hawezi kuingia nyuma ya viroba vilivyobanana wala kuwamaliza wakiwa wengi. Alishwe vizuri na achanjwe kichaa cha mbwa. Bundi ni mwindaji mkubwa wa panya usiku, na inanisikitisha kwamba watu wetu humfukuza kwa mawe kwa kumdhania kuwa ni mkosi. Akitua juu ya paa lako, mwache. Utajua pia kwamba panya wakipungua, nyoka nao hupungua, maana swila na kifutu huwafuata panya hadi ndani ya stoo, na hilo kwa mtu mwenye watoto wanaoingia kuchukua majembe gizani ni sababu tosha ya kuifanya kazi hii mapema.

Muuguzi wa Zahanati, Uyui alijibu:

Naomba nijibu lile la usafi, kwa sababu naona limepitwa. Ndugu, tafadhali usifagie kinyesi cha panya kikiwa kikavu. Vumbi lake likipanda, wewe na yeyote aliye karibu mtalivuta. Fungua mlango stoo ipitishe hewa kwa nusu saa hivi, vaa glavu za mpira, viatu vilivyofunika mguu na barakoa, kisha lowanisha kinyesi na viota kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Acha kwa dakika tano hadi kumi, ndipo ukusanye kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa. Mchanganyiko huo usimwagikie nafaka, na usichanganywe na sabuni yenye amonia wala dawa nyingine ya usafi.

Mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa leptospira, ambao huingia mwilini kupitia michubuko, macho, pua au mdomo. Wengi wetu tuliusikia ugonjwa huu mwezi Julai 2022, wakati watu walipougua mkoani Lindi na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Hauko Lindi peke yake. Dalili zake za mwanzo ni homa, maumivu makali ya kichwa na ya misuli, hasa kwenye vigimbi vya miguu, na macho kuwa mekundu, na kwa jinsi zinavyofanana na malaria mtu anaweza kujinunulia dawa ya malaria akakaa nyumbani hadi macho yageuke manjano. Mtu yeyote wa nyumbani kwako akipata homa katika majuma yanayofuata, mwambieni mhudumu wa afya kwamba mlikuwa mkisafisha stoo yenye panya. Ugonjwa unatibika kwa antibayotiki ukiwahiwa. Mwenye jeraha mkononi asishiriki usafi huo, na mama mjamzito pia apumzishwe.

Panya aliyenaswa usimshike kwa mkono mtupu. Mwili ukipoa, viroboto humwacha na kutafuta mwenyeji mwingine, na viroboto ndio waliosambaza tauni kule Lushoto katika milipuko iliyoanza mwaka 1980. Mnyunyizie ile klorini yeye pamoja na mtego, mtie kwenye mfuko, kisha mfukie shimo la futi mbili ambalo mbwa hawawezi kulifukua. Mahindi yaliyolowa mkojo yatupwe, kuku nao wasipewe. Yale mengine ya kiroba hicho hicho yapepetwe, yachaguliwe, yaoshwe na kuanikwa hadi yakauke vizuri kabla ya kupelekwa mashineni. Unga wa watoto uanze na viroba vya juu ambavyo havijaguswa.

Mfuga Nyuki, Sikonge alijibu:

Nimesoma kwamba una masega humo ndani, na hakuna aliyeyagusia. Ndugu yangu, masega ni chakula chao, hasa yale ya zamani yenye mabaki ya chavua na majana, yaani watoto wa nyuki, na harufu yake hupenya hadi nje ya bati. Ukiziba na kutega huku masega yakiwa wazi, mitego yako inashindana na chambo kilicho bora kuliko karanga. Yayeyushe wiki hii kwa maji ya moto, uchuje kwa kitambaa, ugandishe nta katika vipande vizito, na vipande hivyo uviweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Machicha yanayobaki usiyamwage nyuma ya stoo, yafukie mbali.

Ndoo za asali zifute nje kwa kitambaa cha maji ya moto hadi mkono usinate, hasa kuzunguka mfuniko, kwa sababu panya huanza kutafuna plastiki pale palipomwagikiwa. Zipange juu ya meza yenye miguu ya chuma, mbali na ukuta. Mizinga mitupu, kama unayo, itundike kwa waya kwenye kenchi baada ya hao weusi kuisha, na milango yake uizibe kwa wavu ule ule wa milimita 6 mpaka utakapoirudisha porini.

Mkazi wa Ipuli aliandika:

Nimepokea yote. Fundi amekuja leo kupima wavu na bati la mlango, mwembe unapunguzwa kesho, na masega yameshawekwa jikoni tayari kuyeyushwa. Majivu nimeyanyunyizia kando ya kuta tatu, ukuta wa banda la kuku nikaufanya kwa upande wa ndani tu ili kuku wasiyachakure. Nitarudi hapa kueleza nyayo zimeelekea wapi, ili mzee anisaidie kuamua ni tundu lipi niliache la mwisho.